SOMO LA SABA: RANGI YA MLANGO NA MAANA YAKE

Maneno haya yalisomwa kwanza redioni, na sasa yamepigwa chapa ili yule aliyekuwa shambani saa ya somo asikose, na vikundi vya kujisomea vipate kuyazungumza polepole. Leo tutazungumza habari za kitu ambacho kila mmoja wetu hukipita mara nyingi kwa siku bila kukitazama. Kitu hicho ni mlango wa mbele wa nyumba, na hasa rangi iliyo juu yake.

Kwanza fanya kazi ndogo. Toka nje utembee mtaa mmoja tu hapa Mafiga, ukihesabu milango. Utaona mlango wa chuma wenye rangi kama ya udongo mwekundu, mlango wa mbao uliopakwa mafuta tu, mwingine wa buluu, mwingine wa kijani, na mwingine uliokuwa mweupe zamani. Je, rangi hizi zina maana? Jibu ni hili: nyingine zina maana, nyingine hazina, na nyingine zina maana ambayo mwenye nyumba hakuichagua yeye. Hizo za mwisho ndizo tutakazozikalia zaidi, kwa sababu asiyejua kuzisoma aweza kupoteza nyumba yake.

Rangi tatu za wazee

Wote twajua ya kwamba mafiga ni mawe matatu yanayobeba chungu juu ya moto. Kwa wazee wa sehemu nyingi za nchi yetu rangi nazo zilikuwa tatu: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Ushahidi wake umo katika lugha yetu. Twasema mlango mweupe, nyumba nyeupe, vitambaa vyeupe. Neno lenyewe hubadilika kufuata jina. Ndivyo lilivyo neno -ekundu, na ndivyo lilivyo neno -eusi. Lakini husemi “mlango mjani”, bali mlango wa kijani, yaani wenye rangi ya jani. Kahawia ni rangi ya kahawa, zambarau ni rangi ya tunda, na manjano ni rangi ya kile kiungo cha mchuzi. Rangi hizo zote zimeazima majina ya vitu. Tatu tu ndizo zenye majina yake zenyewe.

Rangi hizo tatu zilipatikana karibu na nyumba. Nyeupe ilitoka katika unga, majivu na udongo mweupe. Nyekundu ilitoka katika udongo, nayo ilimkumbusha mtu damu. Nyeusi ilitoka katika masizi ya jikoni. Nyeupe ilisema heri, amani na mwili usio na ugonjwa. Kwa sababu hiyo unga mweupe ulitumika katika tambiko. Nyekundu ilisema nguvu na hatari pamoja, kwa kuwa damu ni uhai, lakini damu ikimwagika ni kifo. Nyeusi ilisema siri na msiba, hata hivyo ilisema na heri pia, kwa maana wingu jeusi ndilo linaloleta mvua. Ndiyo sababu kaniki ilitumika katika maombi ya mvua mahali pengi. Hata leo, mahali anapoagulia mganga, utaweza kuona vitambaa vya rangi hizo hizo tatu.

Twajifunza nini hapa? Twajifunza ya kwamba rangi moja haina maana moja tu. Nyeusi ya matanga na nyeusi ya mvua ni rangi ile ile, bali shughuli ni mbili. Hapana budi kuuliza kwanza: ni nani aliyeiweka, na kwa kazi gani? Liweke swali hili akilini, tutalihitaji mbele.

Milango ya pwani

Sasa tushuke pwani. Ukifika Bagamoyo, Unguja au Lamu utaona milango mikubwa ya nakshi. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001, na milango hiyo ni sehemu ya sifa zao. Mingi haikupakwa rangi za kung'aa. Rangi yake ni ya mti wenyewe, kama vile msaji, uliotiwa mafuta ukaiva kwa miaka. Tajiri wa pwani hakuhitaji rangi ya kopo, maana unene wa mbao na kazi ya patasi vilitosha kumtangaza.

Milango ile ilisema kwa michoro. Wengi hueleza ya kwamba samaki ni dua ya kupata watoto na riziki, mtende ni neema, na mnyororo ni ulinzi wa nyumba. Juu ya milango mingine yamechongwa maneno ya Kurani. Mingine, hasa ile yenye asili ya Bara Hindi, ina misumari mikubwa ya shaba iliyochomoza. Husemwa ya kwamba huko Bara Hindi misumari ya namna hiyo ilikuwa kinga ya tembo wa vita. Unguja hapakuwa na tembo wa kuvunja milango, lakini misumari ilibaki kama pambo la heshima.

Mataifa mengine

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Wachina hubandika karatasi nyekundu penye milango yao wakati wa mwaka wao mpya, kwa kuwa kwao nyekundu ni furaha na bahati. Katika Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 12, Waisraeli waliambiwa wapake damu ya mwana-kondoo katika miimo ya milango ili mauti ipite pasipo kuwagusa. Katika mji wa Sidi Bou Said, Tunisia, kuta ni nyeupe na milango ni ya buluu, na rangi hizo zimelindwa na serikali tangu mwaka 1915. Na huko London nyumba ya waziri mkuu wa Uingereza hujulikana kwa mlango wake mweusi. Mwaka 1991 nyumba hiyo ilishambuliwa kwa makombora, na baadaye mlango wa mbao ukaondolewa ukawekwa wa chuma, lakini rangi ilibaki nyeusi vile vile.

Kwa hiyo nyekundu ya Mchina ni furaha, na nyekundu ya kwetu yaweza kuwa onyo. Rangi ni kama neno. Maana yake hutegemea lugha inayosemwa.

Rangi isiyo na maana

Tusizidishe, lakini. Milango mingi ya chuma hapa mjini ni ya rangi ya udongo mwekundu kwa sababu moja tu: ile ni rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na mwenye nyumba hakuwa na fedha ya kupaka ya pili. Mwingine amepaka kahawia kwa sababu haionyeshi vumbi wakati wa kiangazi. Duka limekuwa jekundu au la buluu kwa sababu kampuni ya simu au ya soda ilikuja na makopo yake ikapaka bure, ili ukuta uitangaze. Na jambo la kufaa kujua: mlango wa chuma unaoelekea machweo ukiupaka rangi nyeusi utafyonza joto la jua la alasiri na kulileta ndani, lakini ukiupaka nyeupe utalirudisha nje. Hayo ni mambo ya mfuko na ya jua, wala si mafumbo.

Alama ya X

Sasa tufike penye uzito. Kuna rangi moja ambayo haiwekwi na fundi wa nyumba. Siku moja unarudi kutoka sokoni, unakuta juu ya mlango wako au ukuta wako alama kubwa ya X. Watu hukusanyika, na kila mmoja ana neno lake. Moyo unakwenda mbio, na hapo ndipo wengi husahau kutazama jambo la kwanza, yaani ni X ya rangi gani?

Kwa desturi ya kazi za barabara katika nchi yetu, X nyekundu na X ya kijani si ndugu. Ili tuelewe tofauti yao, yafaa tujue vipimo. Kila barabara kuu na barabara ya mkoa ina eneo lake la akiba. Zamani eneo hilo lilikuwa mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kwenda kila upande, jumla mita 45. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ikaliongeza kuwa mita 30 kila upande, jumla mita 60. Kwa hiyo pana kipande cha mita saba na nusu kila upande ambacho zamani kilikuwa cha watu, na sasa kimeingia katika barabara.

Nyumba iliyojengwa ndani ya zile mita 22.5 huwekewa X nyekundu, maana yake mwenyewe aliifuata barabara. Atatakiwa kuvunja, naye halipwi. Nyumba iliyokuwako kwa haki katika kile kipande kilichoongezwa huwekewa X ya kijani, maana yake barabara ndiyo iliyoifuata nyumba. Huyu ana haki ya kulipwa fidia kabla ya kuondoka. Angalia pia ya kwamba si kila mahali pana vipimo hivyo vya kawaida. Mwaka 2017, katika Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya, eneo la barabara lilikuwa pana zaidi sana, na nyumba nyingi zilivunjwa. Usitegemee hatua za miguu yako wala maneno ya jirani. Uliza kipimo cha barabara yako wewe.

Habari ya bibi mmoja

Namjua bibi mmoja mwenye nyumba kando ya barabara kuu. Aliijenga na marehemu mumewe kabla ya sheria ile, tofali kwa tofali, kwa fedha ya mpunga. Siku alipowekewa X alilia usiku kucha. Asubuhi yake akaja mnunuzi mwenye maneno matamu, akasema, “Mama, nyumba hii itavunjwa bure. Nihurumie nami nikuhurumie, chukua hizi kidogo uondoke.” Bei aliyoitaja haikutosha hata mabati.

Nilipokwenda kumwamkia shikamoo, alinijibu marahaba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Nikamwuliza, “Bibi, ile alama ni ya rangi gani?” Akasema, “Mwanangu, X ni X. Rangi ina nini?” Tukatoka nje pamoja. Ilikuwa ya kijani. Mjukuu wake akaazima utepe wa fundi, akapima, akapata mita 26 kutoka katikati ya barabara mpaka ukutani. Yule mnunuzi aliijua maana ya kijani, bibi hakuijua. Tofauti ya ujuzi huo ndiyo ambayo ingekuwa faida yake.

Bibi hakuuza. Lakini nisikudanganye ya kwamba mambo yamekwisha. Alama ya kijani si fedha mkononi. Bibi bado anangoja, na wakati wa kungoja hathubutu kuongeza chumba wala kubadili paa linalovuja. Kungoja huko ni mzigo, nao yafaa usemwe wazi.

Mambo ya kufanya

Ukiwekewa alama, fanya hivi. Usiifute, wala usipake rangi nyingine juu yake. Kufuta alama hakufuti daftari lililoandikwa jina lako. Ipige picha, pamoja na nyumba nzima. Nenda ofisi ya mtaa, kisha kwa wenye barabara, uombe maelezo kwa maandishi. Tafuta karatasi zako zote: hati, barua ya mauziano, stakabadhi za kodi, uziweke mahali pamoja pasipofika maji. Mthamini akija, uwepo mwenyewe. Msomee au msomewe kila mstari kabla ya kutia sahihi au dole gumba, na uombe nakala.

Ujue pia ya kwamba Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe mapema. Si thamani ya tofali tu inayohesabiwa, bali na usumbufu, na gharama ya kuhama, na mahali pa kukaa kwa muda. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, sheria inataka yaongezwe riba. Kudai haya kwa adabu si ukorofi. Ni kusoma mlango wako mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo utazame tena mlango wako. Kama rangi yake uliichagua wewe, waeleze watoto kwa nini. Kama iliwekwa na mtu mwingine, jua aliiweka kwa kazi gani. Kwaherini mpaka somo la nane.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kabila lako, rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi hutumika katika shughuli gani?
2. Kwa nini nyekundu yaweza kuwa furaha kwa watu hawa na onyo kwa watu wengine?
3. Nyumba iliyojengwa kwa haki mwaka 1995, mita 27 kutoka katikati ya barabara kuu yenye vipimo vya kawaida, yafaa iwekewe X ya rangi gani? Toa sababu.
4. Ni nani katika mtaa wenu asiyejua tofauti hii, na ni nani kati yenu atakayekwenda kumweleza kabla ya mnunuzi kufika?