Mvunguni Kwako Kuna Nini?

Hebu ukirudi skuli leo, kabla hujalitupa begi kitandani, inama uchungulie mvunguni. Unaona nini? Viatu vyenye matope ya juzi, madaftari ya mwaka jana, soksi moja (mwenzake hajulikani alipo) na sahani ya jana usiku? Mama keshasema mpaka kachoka. Sisi hatukuja kukugombeza. Lakini chumba hicho unalala kila siku, na mengine yaliyomo yanaweza kukuuguza.

Tuanze na nyumba yenyewe. Kama unakaa Mji Mkongwe, huenda umejiuliza mbona chumba ni kirefu na chembamba. Sababu iko juu ya kichwa chako. Wajenzi wa zamani walitumia boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, mara nyingi mita 3 hivi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita, na mawe hayo hunywa maji. Chokaa huuacha ukuta upumue. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, rangi inabambuka. Masika, kati ya Machi na Mei, hebu uguse ukuta uone.

Sasa fikiria kabati lililobanwa kwenye ukuta kama huo. Kuvu inaota nyuma yake, nguo zinanuka, na mwenye pumu anakohoa usiku kucha. Vuta kabati na kitanda shibiri moja kutoka ukutani, hewa ipite. Fungua madirisha asubuhi. Nguo mbichi zisiingie kabatini hata kama una haraka. Na udi je? Harufu nzuri, ndiyo, lakini moshi haukaushi ukuta, na mwenye pumu unamzidishia. Ndugu yako akisema kifua kinambana, usimfukizie.

Utasema: "Vitu nivitie wapi, na sisi tumo watatu chumbani?" Tazama zidaka ukutani. Bibi zetu walipanga humo vyombo vya kaure, wewe panga vitabu. Aliyeko Ng'ambo au Makunduchi asiye na zidaka, kikapu cha ukili au boksi kutoka dukani linatosha, ila liinue juu ya matofali mawili lisinywe unyevu wa sakafu.

Halafu kuna mbu. Zile nguo zilizorundikana nyuma ya mlango, huko kwenye giza ndiko anakopumzika mchana. Zanzibar ilikwisha kuishusha malaria kwa miaka mingi mpaka chini ya asilimia 1, lakini mwishoni mwa 2023 wagonjwa waliongezeka tena. Chandarua hakifai kitu kama hukichomeki chini ya godoro pande zote, na huwezi kukichomeka ikiwa kitanda kimejaa vitabu na nguo. Boriti zipo, piga msumari ukitundike. Kikichafuka, kifue kwa sabuni laini na ukianike kivulini, kwani jua kali huharibu dawa yake. Yuko na mbu mwengine anayeuma mchana, ndiye wa homa ya dengi. Huyo huzaliana kwenye maji yaliyotuama, hata ya kopo la maua dirishani.

Dada, hili ni lako, na wewe kaka usiruke. Wasichana wengi kwa kuona haya huficha vitambaa vya hedhi chini ya godoro, vikiwa bado vibichi. Kitambaa kisichokauka hufuga vijidudu na kinaweza kukuletea muwasho. Kifue kwa sabuni na maji safi, kianike juani. Kama hutaki kionekane, tandaza kanga nyepesi juu yake. Kikikauka, kitie kwenye mfuko safi ndani ya boksi lako mwenyewe. Ukipata muwasho usiokwisha au uchafu wenye harufu mbaya, nenda kituo cha afya, wamezoea kuulizwa.

Ndiyo maana tunasema kila mmoja chumbani awe na boksi lake moja ambalo mwengine halifungui, hata kama ni mdogo wako wa darasa la pili. Kaeni na mama mkubaliane.

Ukianza usafi, nyunyiza maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia, vumbi lisipande. Na ile sahani irudishe jikoni sasa hivi, kabla haijaulizwa.