Je, Wajua? Udzungwa, Hifadhi Isiyo na Barabara

Je, wajua kwamba…

• Huwezi kuitalii Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa kwa gari? Tangu ianzishwe mwaka 1992, eneo lake la kilomita za mraba 1,990 halina barabara za watalii. Gari linaachwa Mang'ula, kilomita 60 hivi kusini mwa mji wa Mikumi. Kuanzia hapo ni miguu yako.

• Mguu wa mlima uko mita 250 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Luhombero kinafika mita 2,576? Ni nadra Afrika kupata mahali ambapo msitu umepanda kutoka bondeni hadi milimani bila kukatika.

• Mvua ya huku inatoka baharini? Upepo wa Bahari ya Hindi ukigonga safu ya Tao la Mashariki, ambayo huanzia Taita nchini Kenya, hupanda, hupoa na kumwaga maji. Unyevu huo umeuhifadhi msitu kwa mamilioni ya miaka, na viumbe wake wengi hawapatikani kwingine duniani.

• Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 hivi, kwa mikupuo mitatu? Njia yake ni ya saa nne hivi, yenye miinuko ya kukatisha pumzi. Ukisimama juu unaliona Bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa. Ukiteremka, kuna dimbwi la kuogelea.

• Nyani wa Sanje, ambaye wenyeji humwita ngolaga, aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1979 tu? Kilichomfichua ni mlio wake mkubwa msituni.

• Kwale wa Udzungwa aligunduliwa ndani ya sufuria? Mwaka 1991, watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu kwenye sufuria ya mboga kambini. Ndugu zake wa karibu wako Asia.

• Kipunji, tumbili wa Mlima Rungwe na msitu wa Ndundulu huku Udzungwa, alitangazwa mwaka 2005? Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja siku zote. Watafiti walidhani ni hadithi. Mwaka uliofuata alipewa jenasi yake mwenyewe, ya kwanza kwa tumbili wa Afrika tangu 1923.

• Sengi mwenye uso wa kijivu alinaswa kwanza na kamera iliyotegwa msituni mwaka 2005, akapewa jina la kisayansi 2008? Ana uzito wa gramu 700 hivi na anafanana na panya mwenye mkonga. Kiukoo, yuko karibu zaidi na tembo kuliko panya.

• Safari ya kilele cha Mwanihana huchukua siku tatu, kwa kulala kwenye mahema? Tembo na nyati wanapita njia hizohizo, kwa hiyo hakuna kwenda bila mwongozaji. Machi hadi Mei njia zinateleza. Juni hadi Oktoba ndiyo nafuu.

• Mwongozaji huyo ana faida nyingine? Ngolaga na kipunji walikuwa na majina vijijini kabla ya kuingia vitabuni. Akikutajia mnyama asiyemo kwenye kitabu chako, usibishe. Andika jina, mahali na saa.