Je, Wajua? Kichina kwa Sikio la Usambara

Mshambaa ameshaanza somo bila kujua

Kimandarini, yaani Kichina sanifu, ni lugha ya toni. Ukibadili namna sauti inavyopanda au kushuka, umebadili neno zima, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa wiki ya kwanza. Lakini sikia hili: Kishambaa nacho ni lugha ya toni! Kina sauti ya juu na ya chini, na ile ya juu wakati mwingine hushushwa ngazi moja katikati ya maneno. Mwanaisimu David Odden alivutiwa na jambo hilo kiasi cha kuliandikia makala ya kitaalamu mwaka 1982. Bibi wa Soni au Bumbuli anayemwita mjukuu wake kutoka bonde la pili anazipanga toni hizo kwa usahihi bila kuzifikiria hata kidogo.

Kiswahili hakina toni. Chenyewe huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hata hivyo kuna neno moja linalotuonjesha utamu huu. Tamka “barabara ya Mombo”, kisha tamka “kazi imefanyika barabara”. Herufi ni zile zile, ila sauti imehama na maana imehama nayo. Kimandarini kimelichukua jambo hilo na kulitandaza kwenye lugha nzima. Ziko toni nne: ya kwanza iko juu na imenyooka, ya pili inapanda, ya tatu inashuka hadi chini ndipo inainuka, ya nne inaporomoka kwa nguvu. Za Kishambaa hazipindi hivyo ndani ya silabi moja, kwa hiyo Mshambaa bado ana zoezi la kufanya. Kitu kigumu kuliko vyote, sikio linaloamini kwamba sauti ni sehemu ya neno, anacho tangu utotoni.

Mkonge umo ndani ya “ma”

Kila mwalimu wa Kichina huanza na silabi moja: ma. Mā ni mama. Mǎ ni farasi. Mà ni kugombeza. Na má, ile ya toni ya pili inayopanda? Ni mimea ya nyuzi, ile inayosokotwa kamba. Wachina wanapotaka kuutaja mkonge husema jiànmá, yaani “nyuzi za upanga”, na yeyote aliyewahi kuchomwa na ncha ya jani la mkonge pale Korogwe au Muheza atakubali kwamba aliyetunga jina hilo aliuona mmea wenyewe.

Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Iliagizwa miche 1,000, ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba yote unayoyaona ukishuka Usambara kuelekea pwani. Mwanafunzi wa Tanga hahitaji mfano wa kutoka mbali. Aishike toni ya pili kwa mkonge wake, basi.

Silabi za Kichina ni chache ajabu

Ukiziweka toni kando, Kimandarini kizima kinajengwa kwa silabi takriban 400. Ukizirudisha toni, zinafika kama 1,300. Tena nyingi huishia kwa irabu, na zisipoishia kwa irabu karibu zote huishia kwa n au kwa ng’ ile ile ya ng’ombe. Tamka Běijīng ukiwa umeiweka ng’ ya ng’ombe mwishoni, umeshapatia. Mdomo uliozoea kusema “kalamu” na “mahindi” hauna vita na lugha ya namna hii.

Ng’ombe wao, mbuzi wetu

Sisi tunasema kumpigia mbuzi gitaa. Wachina wanasema duì niú tán qín: duì, “mbele ya”, niú, ng’ombe, tán, kupiga kwa vidole, qín, chombo cha nyuzi. Ng’ombe badala ya mbuzi, kinanda cha kale badala ya gitaa, na mawazo ni yale yale kutoka pande mbili za bahari!

Ila kisa chao kina mkia ambao wetu hauna, na mimi naupenda mkia huo kuliko methali yenyewe. Inasimuliwa kwamba mwanamuziki Gongming Yi alimkuta ng’ombe anakula majani, akampigia wimbo wa hali ya juu kabisa. Ng’ombe akaendelea kutafuna. Mwanamuziki akafikiri, kisha akaanza kuiga mlio wa mbu na sauti ya ndama anayemtafuta mama yake. Ng’ombe akasimamisha masikio, akatikisa mkia, akasogea kusikiliza. Kumbe ng’ombe anajua muziki, alikuwa hajapigiwa wa kwake.

Misemo ya aina hii huitwa chéngyǔ. Mingi ina silabi nne tu, na kamusi zimekusanya maelfu. Kwa mwanafunzi hii ni hazina, kwa sababu kila silabi ni neno linalotumika kwingine. Ukiijua niú, umepata niúnǎi, maziwa ya ng’ombe, na niúròu, nyama ya ng’ombe. Ukiijua qín, umekaribia gāngqín, piano. Toni za niú, tán na qín zote zinapanda, kwa hiyo msemo wenyewe ni zoezi la kurudia toni ya pili mara tatu mfululizo. Na gitaa? Wachina huliita jítā. Ukisema tán jítā umesema “kupiga gitaa”, amebaki mbuzi tu.

Shuǐ dī shí chuān, tone la maji hutoboa jiwe, ni jirani wa haba na haba. Rù xiāng suí sú, ukiingia kijijini fuata desturi zake, anakaa nyumba moja na wahenga wetu wa “ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho”.

“Pole na kazi” ina pacha wake China

Jaribu kumtafsiria Mwingereza “pole na kazi” uone atakavyohangaika. Mchina hahangaiki. Anayo xīnkǔ le, na huitoa mahali pale pale tunapoitoa sisi: kwa fundi aliyemaliza kupaka rangi, kwa mwenzio aliyebeba mzigo, kwa mama anayerudi amechoka. Ndani yake mna kǔ, neno la uchungu wa mwarobaini na wa jasho pia. Ni kukiri kwamba mtu ametaabika, wala si kuomba radhi.

Mgeni akiaga, mwenyeji Mchina humwambia màn zǒu, “nenda polepole”, maana yake nenda salama. Kwenye barabara ya kona kona kutoka Lushoto kushuka Mombo, salamu hiyo ni ushauri wa maana hasa! Na wazee wengi bado husalimiana chī le ma, “umeshakula?”. Anayeulizwa hujibu tu kwamba ameshakula, na kila mmoja huenda zake. Viwanjani mashabiki hupiga kelele jiāyóu, “ongeza mafuta”. Sisi tungesema kaza buti.

Jumanne ni ya pili, si ya nne

Hapa sasa kuna mtego. Kiswahili huhesabu siku kuanzia Jumamosi, ndiyo maana Jumanne ni ya nne. Kichina huanza Jumatatu. Xīngqī èr, “siku ya pili ya wiki”, ndiyo Jumanne yetu, na aliyeahidiwa kukutana xīngqī sì, “siku ya nne”, akatokea Jumanne, atasubiri hadi Alhamisi. Dawa yake ni hesabu ndogo: toa mbili. Tatu inakuwa moja, nne inakuwa mbili, tano inakuwa tatu.

Saa nazo zina hesabu yake. Saa mbili asubuhi kwetu ni bā diǎn, saa nane yao, kwa hiyo ongeza sita. Baada ya purukushani hiyo unapata mapumziko kwenye miezi. Hakuna Januari wala Februari: yī yuè ni mwezi wa kwanza, sì yuè ni mwezi wa nne, kama watu wanavyosema sokoni kila siku.

Mto Sigi ungekuwa ngeli moja na nyoka

Wageni hulalamika sana kuhusu ngeli za Kiswahili. Kichina kina kitu cha jamii hiyo: ukihesabu, lazima utaje neno la aina kati ya namba na kitu. Vitu virefu vinavyopinda huchukua tiáo. Mto ni yì tiáo hé. Barabara ni tiáo, nyoka ni tiáo, samaki ni tiáo, hata suruali! Vilivyo bapa, kama meza, karatasi na tiketi, huchukua zhāng. Sigi, unaoteremka kutoka misitu ya Amani hadi bwawa la Mabayani na kuwanywesha watu wa jiji la Tanga, ungehesabiwa pamoja na nyoka wa misitu hiyo hiyo. Msemaji wa lugha ya ngeli haoni ajabu. Ameishi na M-/MI- na KI-/VI- maisha yake yote.

Wimbo huzila toni

Hili huwashangaza watu kuliko yote. Katika nyimbo nyingi za kisasa za Kimandarini, melodia hushinda na toni hupotea. Msikilizaji hujua neno kwa kufuata maneno yaliyolizunguka. Watunzi wa Kikantoni, lugha ya Hong Kong, hufanya kinyume: huchagua maneno ambayo toni zake zinakwenda na melodia. Kwa hiyo wimbo wa Kimandarini utakupa msamiati, pumzi na ujasiri, ila toni zitafute kwenye mazungumzo.

Bado nasema anza na wimbo. Anza na Deng Lijun, anayejulikana duniani kama Teresa Teng, aliyezaliwa Taiwan mwaka 1953 na kufariki 1995 akiwa na miaka 42. Aliimba taratibu, kila silabi ikisikika. Jina la wimbo wake maarufu, Yuèliang Dàibiǎo Wǒ de Xīn, “mwezi unawakilisha moyo wangu”, ni somo tosha: mwezi, wakilisha, -angu, moyo. Ukipenda wa kale, uko Mòlìhuā, wimbo wa asumini, ua lile lile la vikuba vya wanawake wa pwani. Mtunzi Puccini aliitia melodia ya wimbo huo kwenye opera ya Turandot iliyooneshwa Milan mara ya kwanza mwaka 1926.

Vijana watamtaka Jay Chou. Wimbo wake Qīnghuācí wa mwaka 2007, wenye maneno ya Fang Wenshan, umepewa jina la kaure nyeupe yenye nakshi za buluu. Kaure hiyo iko kwetu! Kwenye magofu ya Kunduchi, Dar es Salaam, mabakuli ya Kichina yalipachikwa kwenye nguzo za makaburi karne nyingi zilizopita. Sikiliza wimbo, kisha nenda kaone nguzo hizo.

Redio iliwahi kabla ya Uhuru

Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961, siku 99 kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Wachina walikuwa wanasema “hamjambo wasikilizaji” wakati sisi hatujapata hata wimbo wetu wa taifa. Nusu karne baadaye, mwaka 2011, TBC ikaonyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake kwa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013.

Madarasa nayo yalikuwa yameanza. Taasisi ya Confucius ya kwanza Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Dodoma na Dar es Salaam zikafuata 2013. Wanafunzi wa vyuo hushindana kwenye Hànyǔ Qiáo, “daraja la Kichina”, mashindano yaliyoanza 2002, ambako pamoja na hotuba mshiriki huonyesha kipaji. Wengi huimba.

Chai ni chai

Kimandarini husema chá. Neno lilipita Uajemi na Bara Hindi, likatufikia likiwa limeongezewa i. Mmea wenyewe, wenye asili ya Asia, umejaa Bulwa, Kwamkoro na Herkulu. Neno moja la Kichina, basi, kila mkulima wa Usambara alishalijua kabla ya darasa.

Hatua mia, miaka tisini na tisa

Fàn hòu bǎi bù zǒu, huó dào jiǔshíjiǔ: baada ya chakula tembea hatua mia, utaishi hadi tisini na tisa. Ina silabi tano na tano, vina vikigongana mwishoni, na ndani yake umepewa chakula, hatua, kutembea, kuishi na namba mbili. Chunguza kwa makini utagundua toni ya kwanza haimo hata mara moja; zimo ya pili, ya tatu na ya nne tu. Isome ukipanda kutoka sokoni Lushoto kuelekea Irente, hatua moja kwa kila silabi. Hatua mia zitatosha kuirudia mara kumi.