Barua za Salme kwa Rafiki Asiye na Jina

Mwaka 1886, mjini Berlin, zilichapishwa kumbukumbu za Salme binti Said, bintiye Sultani wa Zanzibar, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Humo aliwaeleza Wajerumani maisha ya jumba la kifalme: ndoa, chakula, mavazi, ibada.

Barua zake zinafanya kinyume. Anayeelezwa sasa ni rafiki wa kike aliyebaki Zanzibar, asiyetajwa jina, na kinachoshangaza ni Ujerumani: baridi yake, desturi zake, upweke wake. Mbele ya shoga huyo Salme hana haja ya kuutetea Uislamu wala kufafanua kwao ni wapi. Lakini barua zenyewe ziko kwa Kijerumani! Yaelekea alijua Wazungu watasoma; aliwaweka pembeni tu, wasikilize mazungumzo ya watu wawili. Hapo ndipo penye nguvu ya barua kama mbinu ya uandishi: mwandishi humchagua msikilizaji wake, na kwa kumchagua hupata sauti.

Sauti hiyo aliipigania mapema. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipopanga kumpindua Sultani Majid, binti huyo wa miaka kama 15 ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za njama.

Mwaka mmoja kabla, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa wosia. Anamwita asogee na wino na karatasi, kisha anawakaribisha wanawake wengine wausome. Anamsemesha mmoja, anawakusudia wengi.

Mariama Bâ wa Senegal aliifuata njia hiyo mwaka 1979 katika riwaya iliyofasiriwa kwa Kiswahili kama *Barua Ndefu Kama Hii*. Msimulizi wake, Ramatoulaye, yumo edani, hawezi kutoka. Basi anamwandikia rafiki yake Aissatou kuhusu ndoa iliyomvunja moyo. Salme naye alifiwa na mume mwaka 1870, aliyegongwa na tramu ya farasi mjini Hamburg, akabaki na watoto watatu ugenini. Barua zake zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1993, miaka 69 baada ya kifo chake.