Freni ya trekta ndogo ikikwama: tafuta kwanza, fungua nyuma

Mwezi wa tisa, mvua ikianza kurudi, trekta ndogo zinaamka tena katika Bonde la Ruzizi. Nyingine zililala kiangazi chote, freni ya kusimamisha ikiwa imefungwa. Dereva anawasha, anaingiza vitesi, moteri inalia, lakini mashine inajikokota sawa vile imefungwa kamba. Ama inatembea vizuri, anakanyaga freni mara moja, na toka hapo pedali hairudi.

Wengine wanalazimisha iende. Freni inayobana wakati wote inakula mazutu, inapata moto, na inaisha mbele ya wakati. Wengine wanafanya vibaya zaidi: wanamwaga mafuta ndani ya tamburi ili ilegee. Kweli inalegea, lakini haitashika tena, na dereva atajua siku anashuka mlima na remorki imejaa mihogo.

Dawa ni kujua kwanza mahali inapokwamia.

Namna freni inafanya kazi

Trekta ndogo nyingi ziko na pedali mbili za freni, moja ya gurudumu la nyuma la kushoto, nyingine la kuume. Shambani dereva anakanyaga moja tu ili kugeuka kwa ufupi. Barabarani lazima pedali zote mbili zifungwe pamoja kwa kile chuma chake. Ukikanyaga, chuma kirefu kinavuta mkono mdogo ulio karibu na gurudumu. Ule mkono unazungusha kichuma ndani, nacho kinasukuma vipande vinavyobana tamburi. Ukiachilia, resori inarudisha kila kitu. Kwa hiyo kuna pande mbili: upande wa pedali na upande wa gurudumu.

Kutafuta upande wenye shida

Trekta isimame mahali tambarare, moteri izimwe, ufunguo utolewe. Mawe ama mbao ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, kisha freni ya kusimamisha ifunguliwe na vitesi itolewe. Kama iko na nguvu ya magurudumu manne, ile ya mbele itolewe pia.

Gurudumu la nyuma linainuliwa kwa kriki, na trekta inakalishwa juu ya kisiki kigumu. Mtu asiingie chini ya mashine inayoshikwa na kriki peke yake. Gurudumu linazungushwa kwa mkono. Likikataa, fundi anaondoa kile chuma kirefu kwenye mkono mdogo, halafu anajaribu tena.

Gurudumu likizunguka sasa, shida iko upande wa pedali. Likiendelea kukataa, shida iko ndani. Jaribio hilo la dakika chache linaokoa siku nzima ya kufungua bure.

Upande wa pedali

Hapa ndipo shida nyingi ziko rahisi. Resori imekatika ama imechoka. Matope yamekauka chini ya pedali. Chuma pedali inapozungukia kimeshika kutu juu ya kukosa gresi. Ama ndoano ya freni ya kusimamisha haikuachia vizuri. Kinachohitajika ni kusafisha, kuweka gresi, na resori mpya.

Pedali iangaliwe pia kama iko na nafasi: ishuke kidogo kwa mkono mbele ya kuanza kubana. Kwenye trekta ndogo nyingi ni karibu sentimita 2 mpaka 4, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha mashine. Pedali isiyo na nafasi yoyote inabana hata kama hakuna mtu anaikanyaga. Nafasi iwe sawasawa kushoto na kuume.

Upande wa gurudumu

Kama freni ni ya tamburi kavu, mara nyingi kile kichuma cha kusukuma kimeshika kutu, ama vipande vya kubana vimegandamana na tamburi sababu ya unyevu. Fundi anafungua, anasafisha kutu, na anaweka gresi kidogo sana kwenye kichuma, bila kugusa mahali pa kubana. Vumbi la ndani lisipulizwe, maana vipande vya zamani vinaweza kuwa na amianti, inayoharibu mapafu. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Trekta nyingine ziko na freni za sahani zinazooga ndani ya mafuta. Mafuta yakionekana meupe kama maziwa, maji yameingia, na sahani zinaweza kushika kutu. Kazi hiyo ni ya fundi anayeijua mashine.

Mbele ya kurudi kazini

Pedali zikifungwa pamoja, trekta ijaribiwe polepole mahali tambarare. Ikivuta upande mmoja, isiende barabarani wala kwenye mteremko: gurudumu moja likishika kuliko lingine kwa mbio, trekta inaweza kupinduka. Kwa sababu hiyo pia, kuacha freni ya upande mmoja bila kuiunganisha, hata kwa siku moja tu, ni hatari.

Na kiangazi kikirudi, matope yaoshwe, gresi iwekwe. Trekta ilale na mawe kwenye magurudumu, freni yake ikiwa wazi.