Jina Lililotoka Pangoni

Sogeeni motoni, wajukuu zangu, ukungu wa Suma leo umeshuka mapema. Mwenzenu aliyekwenda Mbozi na shule yao amerudi na swali, na tangu jana linanikosesha usingizi. Aliweka kiganja juu ya kile kimondo, akakikuta baridi kama sufuria iliyolala nje. Kina urefu wa mita tatu hivi, uzito wake hukadiriwa kupita tani 10, karibu chote ni chuma, nacho kilitoka angani.

"Babu, kama chuma kimetoka huko, wenye akili je? Na wakiwepo, Yesu ni wa kwao pia?"

Swali kama hilo mtu asione haya kuliuliza kanisani. Mwaka 1995 wataalamu walitangaza sayari inayozunguka nyota inayofanana na Jua letu, na leo sayari za nyota nyingine zinazojulikana zimepita 5,000. Hakuna sauti iliyosikika bado kutoka huko. Ikisikika, wako watakaotikisika, nami nitaketi nao.

Lakini jambo la namna hii lilishatupata hapahapa Rungwe. Zamani Kyala, waliyemwabudu wazee wetu Wanyakyusa, alikuwa na mahali pake, pango la huko chini kando ya Ziwa Nyasa, wazee wakimpelekea sadaka. Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa miaka ya 1930 akichunguza maisha yao, aliyaandika hayo. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifika Rungwe kutoka Ujerumani. Katika kutafuta neno la kumtaja Muumba wa mbingu na nchi, likachukuliwa jina hilohilo la pangoni. Hebu mfikirieni mzee aliyezoea kushuka ziwani na sadaka yake, sasa anaambiwa Kyala ndiye aliyewaumba hata hawa wageni weupe wa ng'ambo ya bahari! Haikumwingia kwa siku moja. Lakini jina likatanuka, likawaenea wote.

Wakristo wa kale nao walipata tabu hiyo. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, hakukubali kwamba kuna watu upande wa pili wa dunia, kwani uzao wa Adamu ungevukaje bahari kuu? Alikosea. Ila huyohuyo alifundisha kwamba mtu mwenye akili, hata rangi na umbo lake vitushangaze vipi, ni wa uzao wa Adamu kama sisi. Na mwaka 2008 padri José Gabriel Funes, mkuu wa kituo cha Vatikani cha kuchunguza nyota, alisema kiumbe wa sayari nyingine tunaweza kumwita ndugu.

Fundo liko kwa Adamu. Wa huko hawakutoka kwake. Je, nao walianguka? Na kama walianguka, Yule aliyezaliwa Bethlehemu aliwafia na wao, au Mungu aliwaendea kwa njia nyingine? Wanateolojia hawajakubaliana. Mimi naamini msalaba ule mmoja unawatosha na wao. Hata hivyo nikikutana nao sitaanza na hilo. Nitawasalimu, kisha niwaulize Muumba wanamwitaje, maana hata waliotuletea Injili walilipata jina kwetu.

"Na wao wakituuliza, Babu?"

Tutawaambia: Kyala.