Kofia Kwanza, Sindano Baadaye

Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye umri wa miaka 69. Upande wa kushoto wa uso wake, uliopigwa na jua kupitia dirisha kwa miaka 28 ya kazi, ulikuwa na mikunjo mizito kuliko wa kulia. Mtu ni yule yule, umri ule ule, chakula kile kile. Tofauti ni jua. Miale yake hupenya kioo, ikaingia ndani ya ngozi na kuvunja kolajeni inayoifanya ikaze. Utafiti wa Nambour nchini Australia, uliochapishwa mwaka 2013, ulifuatilia watu 903 wenye umri chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu. Waliotakiwa kujipaka mafuta ya kukinga jua kila siku hawakuonyesha ongezeko la uzee wa ngozi lililoweza kupimwa, na uzee wa ngozi yao ulikuwa chini kwa asilimia 24 kuliko wa wenzao waliojipaka walipopenda.

Watetezi wa saluni na kliniki za urembo watasema tiba zao zinafanya kazi. Ni kweli, baadhi zinafanya. Sindano ya Botox hulegeza msuli na kufuta mikunjo ya paji la uso, ila baada ya miezi mitatu au minne msuli hurudi ulivyokuwa. Krimu ya tretinoini huchochea kolajeni, japo haimfai mjamzito. Lakini anayetibiwa leo na kesho akashinda juani bila kinga analipia uharibifu ule ule mara ya pili. Kibaya zaidi ni mkorogo, yaani krimu za kujichubua, unaouzwa kwa ahadi ya ngozi changa. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hizo hudhuru figo, dawa za steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba na kuchanika, na melanini, rangi ya ngozi inayopunguzwa, ndiyo iliyokuwa kinga ya asili. Kwa hiyo mtu hununua uzee akidhani ananunua ujana.

Wapo wanaosema ngozi nyeusi haihitaji haya yote. Inalindwa kweli, na mikunjo yake huchelewa, ila melanini haizuii miale yote, na kwetu jua huacha zaidi madoa na rangi isiyolingana. Wengine watauliza fedha ya mafuta ya kukinga jua itatoka wapi. Hoja hiyo ni nzito, maana chupa moja ni ghali kwa wengi. Ila kofia pana, mwavuli, mtandio na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni havihitaji kliniki, na kuacha sigara, inayobana mishipa ya damu ya ngozi, kunaokoa hata fedha. Ukishayafanya hayo na mikunjo bado inakukera, nenda kwa daktari wa ngozi, na usinunue kamwe kopo lisiloandikwa viungo vyake.